Shimo Lisilo na Funza

Saa moja na nusu asubuhi, mtaani Kampemba, mjini Lubumbashi, Adalbert Nkulu amepiga magoti mbele ya choo cha watu asiowajua. Bado hajafungua mfuko wake wa vifaa. Ameshika ufito mrefu wa mwanzi, ameuchovya shimoni na kuuvuta, na sasa anaigeuza ncha yake kwenye jua kama mtu anayechagua mboga sokoni.

Anatafuta funza.

Mwenye nyumba, Mardochée, mwanamume wa makamo aliyevaa kandambili na jezi ya mpira, anamtazama kwa subira inayopungua. Choo chake kimejaa tangu Jumapili. Watu kumi na watano wa yadi hii wanaazima choo cha jirani, na jirani ameanza kununa.

Adalbert anachovya mara ya pili, chini zaidi. Tope linalokuja na ufito ni zito, la kijivu chenye wekundu kidogo, na halina hata mdudu mmoja. Harufu yenyewe ni ndogo. Mgeni wa kazi hii angesema ni shimo la heri.

"Papa," anasema bila kunyanyuka, "hapa munasukulaka mawe?"

"Mawe gani?"

"Mawe ya bacreuseurs. Ile ya kobalti. Munaisukula mu yadi, mayi inaingia mu shimo?"

Kwa swali hilo la kuosha mawe ya wachimbaji wadogo, Mardochée anacheka kicheko kifupi. "Weye uko vidangeur ao uko polisi? Nilikuita utoshe mavi, hapana kuniuliza mambo ya nyumba yangu."

"Hakuna mubaya, Papa. Kama munasukulaka, nitatosha. Lakini itaenda mu shimo ingine ya saruji, na ile iko na bei ingine."

"Hakuna muntu anasukula hapa."

Nyuma ya mgongo wake, kando ya ukuta, yameegemezwa makarai matatu ya bati yenye ukoko wa rangi ya kutu, na gunia tupu la nailoni limeanikwa kwenye kamba. Adalbert anayatazama makarai, anamtazama Mardochée, kisha anaufuta ufito kwa majani na kuurudisha kwenye mkokoteni wake. Faranga elfu arobaini, ambazo zingekuwa chakula cha siku kadhaa, zinabaki mfukoni mwa mwenye nyumba.

Akiwa getini anasikia nyuma yake kwamba vidangeur, mtapisha vyoo, si yeye peke yake katika mji huu, na kwamba wengine hawaulizi. Anaendelea kusukuma mkokoteni. Ni kweli hawaulizi. Yeye mwenyewe kwa miaka kumi na tisa alikuwa mmoja wao.

Adalbert ana miaka hamsini na tatu. Ni mwembamba, mabega yamepinda kidogo, na kucha zake zimekatwa fupi kuliko za daktari. Baba yake alitoka Kabalo, kaskazini mwa Katanga, akafanya kazi ya reli mpaka reli yenyewe ilipochoka. Mama yao alifariki Adalbert akiwa na miaka sita. Aliyemlea ni dada yake Julienne, aliyekuwa na miaka kumi na minne, na ambaye mpaka leo anamwita yaya, kama watu wa Lubumbashi wanavyomwita aliyewatangulia kuzaliwa.

Alianza kutapisha vyoo kwa sababu ile ile inayowaleta wengi katika kazi hii: hakuna aliyekuwa akiigombea. Magari ya kunyonya majitaka hayafiki kwenye vichochoro vya Kampemba, na yakifika, bei yake inamshinda mpangaji. Kwa hiyo wanakuja watu wawili wenye ndoo, kamba na koleo. Wanaufungua mji mahali ambapo wenyewe hawapendi kuutazama, wanabeba, wanaondoka, na siku ya pili wanaowalipa hawawajui.

Ukitaka kujua heshima ya vidangeur, nenda naye kanisani. Katika parokia yake, Adalbert ana benchi la nyuma upande wa kushoto, na nafasi iliyo karibu naye hukaa wazi hata siku ya Pasaka. Anaoga mara tatu kabla ya misa. Mkewe, Myriam, humwekea maji na sabuni nje ya mlango tangu wameoana. Haisaidii, kwa sababu watu hawanusi mwili wake, wananusa kazi yake.

Kazi hii ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote. "Tunatosha, hatuulizi," anasema, na kutosha kwao ni kutoa. "Mu shimo ya bantu kuko bintu mingi. Nilishakuta pete. Nilishakuta bunduki. Siku moja nilikuta mutoto, wa kuzaliwa. Ukianza kuuliza, kesho hakuna mutu atakuita. Donc unafunga kinywa, unatosha, unaenda."

Sheria hiyo ilimlinda miaka mingi. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kumwangusha.

Mwenzake wa kazi aliitwa Ézéchiel. Walifanya pamoja miaka kumi na mmoja, mmoja akishuka, mmoja akivuta ndoo juu, wakibadilishana. Siku moja ya mwezi wa tisa ilikuwa zamu ya Ézéchiel kushuka. Alijaza ndoo mbili. Ya tatu haikuja. Adalbert alivuta kamba, kamba ikaja nyepesi. Hewa ya shimo ilikuwa imemmaliza pale chini, kimya, bila hata kuita.

Walimtoa majirani kwa ndoana. Mwenye nyumba alilipa nusu ya bei, akieleza kwamba kazi haikukamilika. Adalbert anaisimulia habari hiyo bila kupandisha sauti, na msikilizaji ndiye anayejikuta amekunja ngumi.

Baada ya mazishi alikaa nyumbani wiki tatu. Aliyemnyanyua ni Julienne. Yaya huyu hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa na shamba dogo nje ya mji, upande wa barabara ya Kasenga, alikolima mahindi wakati wa mvua na lengalenga, yaani mchicha, wakati wa kiangazi kwa maji ya kisima. Kila Jumamosi aliuza mboga katika soko la Kampemba. Na kila Jumapili alimwita mdogo wake wale sahani moja, bukari, ule ugali wa huko, na mboga, mkono wake na mkono wa mdogo wake, mbele ya watu. Nje ya nyumba ya Adalbert mwenyewe, hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyefanya hivyo.

"Yaya aliniambia: kama ni lazima uendelee na ile kazi, basi usitupe tena mu mto," anakumbuka Adalbert. "Leta ku shamba yangu. Kintu chenye kinatoka mu bantu, kirudie mu chakula ya bantu. Hapo kazi yako itakuwa na jina."

Hilo neno la mwisho lilimwingia. Kazi yenye jina. Mwaka huo wa kwanza hakumpelekea kitu, kwa woga wa kukosea. Alijifunza kulikausha tope juani, kulichanganya na majivu na kulifunika miezi. Halafu, miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tano, akaanza kutafuta tope la kumpelekea dada yake. Si tope lolote. Alitaka lililo bora.

Akalipata katika yadi moja ya mbali kidogo. Shimo lake halikuwa na funza hata mmoja. Nzi hawakulizunguka. Harufu ilikuwa ndogo, tope zito, limetulia. Kwa mtu aliyeishi miaka kumi na saba akipangusa funza shingoni, ilikuwa kama kukuta kisima.

"Nikasema, hii njo ya Yaya. Hii iko safi."

Alibeba safari nne za mkokoteni. Alikausha mwenyewe, alisaga mwenyewe kwa kirungu, akalimwaga mwenyewe kwenye matuta ya dada yake, huku Julienne amesimama kando, mikono kiunoni, akimtania kwamba leo hata kuku watamsalimia.

Katika yadi ile pia palikuwa na makarai. Hilo Adalbert hakumwambia mtu. Palikuwa na makarai, vijana wenye matope mekundu mpaka magotini, na magunia madogo yaliyofungwa vizuri. Aliyaona. Lakini sheria ilikuwa ile ile: hatuulizi.

Wachimbaji wadogo wanapoleta mawe ya kobalti na shaba nyumbani huyasuuza ili yapate bei, na maji machafu huingia shimo lililo karibu. Katika yadi nyingi shimo hilo ni choo. Yanayozama humo ni kobalti, shaba na risasi, mwaka baada ya mwaka. Funza, ambaye hula kila kitu na haoni haya, humo hawezi kuishi. Shimo lisilo na funza halikuwa safi. Lilikuwa limekufa.

Lengalenga ya kwanza ilitoka vizuri. Julienne aliivuna na kuiuza Jumamosi mbili. Wiki iliyofuata majani yaligeuka manjano kuanzia kingoni, mashina yakadumaa, na mahindi yaliyopandwa na mvua za mwaka ule hayakupita magoti. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa akipima udongo wa mashamba ya eneo hilo alichukua kopo moja la udongo wa Julienne. Alirudi na karatasi na uso mzito, akamwambia asipande tena chakula pale. Alipoulizwa ni mpaka lini, alisema hajui. Metali haziozi, alisema. Haziendi popote.

Waswahili husema mavi ya kale hayanuki. Kwa Julienne yananuka hadi leo.

Hakupiga kelele. Hakumshitaki popote. Alifunga shamba kwa miiba, akanunua meza, akaanza kuuza samaki wakavu wanaoletwa na malori kutoka Kasenga. Jumapili iliyofuata Adalbert alipofika mlangoni alikuta mlango umefungwa, na moshi wa mbabula, jiko la makaa, unatoka uani. Aligonga mara tatu. Jumapili ya pili aligonga mara moja. Ya tatu hakwenda.

Leo Adalbert anafanya kazi katika kituo kidogo pembezoni mwa mji, kilichoanzishwa na mhandisi wa kilimo aitwaye Bénédicte, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye sauti ya chini na buti kubwa kuliko miguu yake. Adalbert alikuja huko mwaka mmoja na nusu uliopita, aliposikia kuna watu wanaotoa mbolea kwenye mavi na kuiacha sumu chini. Hakuuliza mshahara. Aliuliza kama ni kweli.

Kazi yenyewe ukiisikia utadhani mazingaombwe. Tope likiletwa hutuama katika matangi ya saruji mpaka maji yajitenge juu. Maji hayo hutiwa kwenye pipa lenye mfuniko na kuongezwa chokaa kwa wingi. Hapo naitrojeni, ambayo hapa wanaiita azote, na ambayo ndiyo chakula kikuu cha mahindi, huinuka kutoka kwenye maji ikiwa hewa kali ya amonia. Pampu ya upepo iliyonunuliwa kwenye gereji ya matairi huisukuma hewa hiyo kwa mpira mpaka pipa la pili, lenye asidi iliyozimuliwa kwa maji. Asidi inaikamata. Maji ya pipa la pili yakikaushwa juani siku kadhaa, inabaki chumvi nyeupe. Hiyo ndiyo mbolea.

"Chuma haiwezi kuruka," anaeleza Bénédicte. "Azote njo inaruka, na siye tunaikamata mu njia. Kobalti inabaki chini na matope yake."

Chokaa na asidi Lubumbashi haikosi, kwa kuwa ndivyo vinavyotumika kutenganisha shaba na kobalti kwenye mawe. Adalbert huona huo ni utani wa Mungu: mgodi ulilitia sumu shamba la dada yake, na dawa za mgodi ndizo zinazomtengenezea mbolea safi.

Ni kazi kali. Amonia ikitoroka kwenye maungio ya mpira hupiga macho kama pilipili, na mara mbili Adalbert amelala siku nzima na kitambaa cha maji usoni. Kwenye mkono wa kulia ana kovu linalong'aa, alipomwagikiwa asidi mwezi wake wa kwanza hapo. Na mavuno ni madogo ajabu. Pipa zima la lita mia mbili, lililobebwa, likatuamishwa, likatiwa chokaa na kupulizwa, linatoa chumvi ya kilo moja na kidogo. Unaishika yote kwenye bakuli la uji.

Tope linalobaki hukaushwa na kupandiwa miti ya kuchoma mkaa. Lakini likiwa na metali, lazima lifukiwe katika shimo lililosakafiwa saruji, na shimo hilo linakaribia kujaa. Ndiyo maana Adalbert anapiga magoti kila asubuhi kutafuta funza, na asipowaona anauliza lile swali linalomfukuzisha. Anakadiria kwamba amepoteza theluthi moja ya wateja wake tangu aanze kuuliza. Wenzake wa zamani wamempa jina, Papa Funza. Analijua, wala haombi radhi.

Karibu mwaka mzima, kila mwisho wa mwezi, amekuwa akiomba kilo mbili za chumvi badala ya sehemu ya ujira wake. Alizitia katika gunia chini ya kitanda. Myriam alilalamika mwanzoni, kisha akaacha, kwa sababu alikuwa amelijua gunia hilo ni la nani. Mwezi huu wa kumi limefika kilo ishirini na mbili. Mvua zinakaribia, joto limeanza kuuma, na katika mji wote watu wanachoma majani na kutengeneza majembe. Adalbert alikuwa ameweka siku: Jumapili, baada ya misa, angekwenda kwa yaya wake na gunia begani, angeondoa miiba, angemrudishia shamba lake.

Siku tano kabla ya hapo alifanya jambo ambalo zamani hangelifanya. Aliuliza.

Lilikuwa swali la kupitisha muda tu, wakati yeye na Bénédicte wanakung'uta mapipa. Alitaka kujua anyunyize viganja vingapi kwa kila tuta. Bénédicte aliuliza ni shamba gani. Adalbert alieleza lote, na alipofika kwenye karatasi ya yule mwanafunzi, mhandisi aliweka pipa chini.

"Papa Adalbert, hapana. Ile shamba hapana."

"Juu ya nini? Si ni safi?"

"Chumvi iko safi. Lakini inafanyaka bulongo, ile udongo, inakuwa mukali kama asidi. Bulongo ikikuwa mukali, ile chuma yenye ilikuwa imelala inafunguka, mimea inaikunywa zaidi. Mahindi yatatoka mazuri sana, majani kijani kabisa. Na yatakuwa na sumu kupita ya mara ya kwanza." Alilisogeza pipa kando. "Yatakuwa mazuri, njo ubaya wake. Hakuna mutu angejua."

Adalbert alikaa juu ya pipa lililopinduliwa. Bénédicte anasema alikaa pale mpaka kivuli kikahama, naye akaendelea kukung'uta mapipa.

"Nilibakisha siku tano," anasema Adalbert sasa. "Siku tano tu, nimupe yaya wangu sumu mara ya pili, na nimuletee nikiimba."

Angeweza kuliacha gunia chini ya kitanda na kuacha mambo yalale. Julienne hakuwa anamngoja. Hakujua hata kama lipo. Usiku huo alizungumza na Myriam habari ya kiwanja chao, mita ishirini kwa ishirini na tano, nje ya Kampemba, walichonunua kwa kujinyima na ambacho tangu miaka kumi na miwili wanapanga kukijengea nyumba. Udongo wake ulikuwa umepimwa na kituo mwezi wa sita, na ulikuwa mzima.

"Nilimuambia amupe yaya wake," anasema Myriam, akipepeta unga bila kumtazama mtu. "Nyumba tulingojea miaka kumi na mbili. Tunaweza kungojea tena. Lakini ile kintu yenye iko mu tumbo yake, haitangojea. Itamuua."

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, Adalbert alisimama mbele ya meza ya samaki katika soko la Kampemba, nyuma ya wateja wawili, kama mteja wa tatu. Julienne ana miaka sitini na mmoja. Ni mrefu kuliko mdogo wake na hukaa wima kwenye kiti chake cha plastiki. Aliwahudumia wawili wale, akafunga samaki kwa gazeti, akarudisha chenji. Kisha akamwona.

"Jambo, Yaya."

"Samaki ni bei ile ile."

"Sikukuya kununua samaki, Yaya."

Hakumkaribisha, lakini hakumfukuza. Adalbert alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, na sokoni hakuna siri, kwa hiyo meza za jirani zilisikia yote. Alisema kwamba tope lile hakulichukua kwa bahati mbaya. Alilichagua. Alilichagua kwa kuwa halikuwa na funza, akidhani ndiyo usafi. Akasema pia neno alilolificha miaka mitatu, kwamba katika yadi ile aliyaona makarai ya kusukulia mawe.

"Uliyaona," alisema Julienne.

"Niliyaona."

"Na haukuuliza."

"Sikuuliza, Yaya."

Alikuja mteja. Julienne alimpimia kapenta, wale dagaa wakavu, vikombe viwili, polepole, akiongeza kidogo juu kama wafanyavyo wauzaji wazuri. Mteja alipoondoka alipanga upya samaki ambao walikuwa wamepangika.

"Bantu balikula, Adalbert," alisema. "Laurentine, ule wa nyuma ya dispensaire, alikuwa na mimba. Alinunuaka kila Jumamosi. Mutoto alizaliwa. Kila mara anapita hapa naye, mi naangalia mikono yake. Naangalia miguu. Namuuliza mama yake kama analala vizuri. Miaka mitatu naangalia mutoto wa bantu kama mwizi. Bado sijaona kintu. Lakini naangalia."

Adalbert anasema hapo ndipo alipoelewa. Miaka yote mitatu alidhani dada yake ana hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa na woga, na woga huo ni yeye mwenyewe aliyempelekea kwa mkokoteni, safari nne.

Alimweleza habari ya chumvi. Alimweleza kwamba nusura ailete kwenye shamba lile, na kwamba safari hii aliuliza, na alichojibiwa. Shamba lile la barabara ya Kasenga hawezi kumrudishia, si mwaka huu wala mwingine. Lakini ana kiwanja. Kimepimwa, karatasi hii hapa. Nusu yake ni ya Julienne tangu leo, na gunia zima ni la hiyo nusu, apande anachotaka.

Julienne hakuipokea karatasi. Aliitazama mikononi mwa mdogo wake kama kitu kilichookotwa.

"Karatasi hailiwi," alisema.

Kisha akatoa hukumu yake, na muuza nyanya wa meza ya pili, aliyeisikia, anairudia mpaka leo kwa mshangao. "Panda weye. Na jembe yako, na ile chumvi yako. Ikiota, utaleta hapa kwangu, utapika kwangu, utakula mbele yangu. Kila Jumapili, mwaka muzima. Mi sitakula. Nitakuangalia weye. Ukikuwa muzima, nitashika jembe."

Bénédicte, alipoelezwa, alitikisa kichwa. Kula mwaka mmoja hakuthibitishi kitu, alisema, maana sumu ya namna hii inakaa mwilini muda mrefu kabla ya kujionyesha, na mizani ya kweli ni ile ya maabara. Anasema kweli. Adalbert anajua anasema kweli. Lakini Julienne hakuomba maabara.

Sasa ni Jumamosi mchana, na baada ya kuziacha faranga elfu arobaini za Mardochée, Adalbert yuko kiwanjani kwake. Amefyeka nyasi za robo ya kwanza. Gunia limefunikwa kwa plastiki chini ya paa la bati ambalo lingekuwa la nyumba. Anachimba kwa jembe, anachukua tonge la udongo, analivunja kiganjani. Nyungunyungu mmoja anajisokota kwenye kidole cha mkono wake wenye kovu. Anamtazama kwa muda, kisha anamrudisha mahali pake na kumfunika.

Mvua ya kwanza wanaitarajia ndani ya wiki mbili. Atapanda lengalenga kwanza, kwa kuwa inawahi, halafu mahindi. Jumapili ya kwanza ya kula, akihesabu vizuri, itaangukia karibu na Noeli. Myriam amemuuliza kama haogopi. Amemjibu kwamba miaka kumi na tisa alishuka mashimoni bila kuuliza kulikuwa na nini, na leo atakuwa anajua kilicho katika sahani.

Kwa miaka mitatu nyumba ya Julienne haijampa hata kikombe cha maji. Sasa amehukumiwa kula humo mwaka mzima, mezani pa yaya wake, yeye akimtazama.

"Nitakula," anasema, na anapangusa jembe. "Nitakula polepole."